Kupiga rangi nyumba ya matofali ukanda wa Pwani, kutoka lipu mbichi hadi mkono wa mwisho

Mtu akitaka kupiga rangi nyumba yake, swali la kwanza huwa rangi ipi nzuri na ndoo inauzwa bei gani. Fundi mzoefu haanzii hapo. Anaizunguka nyumba, anaweka kiganja ukutani, anainama kuangalia sehemu ya chini karibu na msingi, kisha anainua shingo kutazama ncha za bati. Anatafuta maji. Kwa sehemu kubwa, rangi inayobanduka Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja haibanduki kwa sababu ni mbovu. Inabanduka kwa sababu nyuma yake kuna unyevu unaotafuta pa kutokea, na ndoo ya bei ghali nayo itabanduka vilevile.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya mjini: matofali ya saruji, lipu ya mchanga na saruji, bati juu, dari ya jipsam, grili za chuma madirishani. Iwe unapaka mwenyewe au unamsimamia fundi, hatua ni zilezile. Ila ukimsimamia fundi kuna ya ziada, nayo nimeyaweka karibu na mwisho.

Kwanza, majira

Kazi ya nje ina msimu wake. Kwa Pwani, kipindi kizuri ni Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli bado. Ukuta unakuwa umepata muda wa kukauka, na upepo wa kusi unasaidia rangi kushika bila joto kali la Januari na Februari. Bahati mbaya sisi hupiga rangi kwa kufuata sikukuu, si hali ya hewa: Krismasi ikikaribia, Idi ikikaribia, au kuna send-off nyumbani wiki mbili zijazo. Ndani hakuna tatizo. Nje, ukipaka Desemba mvua za vuli hazijakata, unacheza bahati nasibu. Kama shughuli haiwezi kusubiri, paka sebule, baraza na geti, ukuta wa nje uache hadi Juni. Wageni hawatazunguka nyuma ya nyumba.

Wa nyanda za juu, kuanzia Arusha hadi Njombe, wana adui mwingine, umande. Ukuta ulioguswa saa moja asubuhi unaweza kuonekana mkavu kumbe bado una maji. Subiri hadi saa nne, na uweke brashi chini mapema alasiri ili rangi ikauke kabla baridi ya jioni haijashuka.

Lipu mpya ina kalenda yake. Iache siku 28 kwa uchache, na kama ilipigwa wakati wa mvua, iongezee muda. Hapa si suala la maji peke yake. Saruji changa ina alkali kali, pH yake hufika 12 na kupita. Rangi ya mafuta ikikutana na alkali hiyo pamoja na unyevu, mafuta yake yanageuka kuwa aina ya sabuni: rangi inalainika, inanata mkononi, inachuruzika utomvu wa kahawia. Rangi ya maji inavumilia zaidi, lakini yenye rangi iliyokolea huota mabaka meupe. Anayekwambia lipu ya wiki moja iko tayari ana haraka ya kulipwa.

Hatua ya kwanza: tafuta maji yanakotoka

Kata kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, kama nusu mita kwa nusu mita. Kibandike ukutani kwa soletepu pande zote nne, hewa isipite. Kiache siku nzima na usiku wake. Kesho yake angalia. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusana na ukuta, basi ukuta wenyewe unatoa maji. Yakiwa upande wa nje tu, huo ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Fanya hivyo kwenye ukuta wa bafuni kwa upande wa chumbani, chini ya madirisha, na sehemu ya chini ya kila ukuta unaoshuku.

Maji yakionekana, mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi. Bati halina mifereji, mvua inadondoka chini na kurukia ukuta. Udongo wa nje umepandishwa kwa kufukia kiwanja hadi ukapita ile nailoni ya msingi iliyowekwa kuzuia unyevu kupanda. Bustani ya maua imegusana na ukuta na inamwagiliwa kila jioni. Bomba la bafuni lililofukiwa ukutani linavuja kidogo kidogo. Au kuna ufa kwenye kona ya dirisha, na mvua ya upepo inaingia humo.

Kila kimoja kina tiba yake, na karibu zote ni rahisi kuliko ndoo mbili za rangi. Chimba udongo uushushe sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Ondoa bustani, ihamishie mita moja mbali. Funga mifereji. Mwaga zege jembamba kuzunguka nyumba, lenye mwinamo wa kupeleka maji mbali. Ukimaliza, usikimbilie brashi: upe ukuta wiki kadhaa ukauke, kisha rudia kipimo cha nailoni.

Kuna mazoea yetu moja yanayohitaji kusemwa hapa. Nyumba nyingi zina mkanda wa rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta wa nje, kahawia au kijivu, kama mita moja hivi, ili matope ya mvua yasionekane. Wazo ni zuri, ila rangi ya mafuta haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unanasa nyuma yake, mkanda unaota malengelenge, na maji yaliyokosa njia yanapanda juu zaidi hadi yanatokea chumbani nyuma ya kabati. Unataka mkanda? Weka. Lakini tumia rangi ya maji ya nje iliyokolea.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe na Lamu, zina kanuni kali zaidi. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa na zinapumua kwa unene wake wote. Ukizipiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji yanafungiwa ndani, chokaa kinalainika, vipande vinaanza kudondoka. Kule rangi sahihi ni ileile ya mababu: chokaa kilichozimwa vizuri, kikapakwa chepesi mikono (yaani tabaka) mitatu au minne.

Hatua ya pili: kwangua, sugua, osha

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa kuwa ikishafanywa haionekani. Chukua skrepa na ukwangue kila kilicholegea. Usikwangue penye lengelenge tu. Endelea kuizunguka sehemu hiyo hadi skrepa igome yenyewe. Kisha sugua kingo kwa msasa namba 80 au 120, ili mahali rangi ya zamani inapoishia pasibaki ngazi. Ngazi hiyo itaonekana kwenye rangi mpya hata ukipaka mara tano.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe kama umeshika chaki, rangi ya zamani imechakaa kuwa unga, na rangi mpya itashika unga huo badala ya kushika ukuta. Osha kwa maji na brashi ngumu, acha ukauke, pitisha tena kiganja. Unga ukizidi kutoka, utahitaji praima ya kushikisha ukuta kabla ya rangi.

Chumvi inataka mkono tofauti. Ule unga mweupe unaochomoza kama sukari sehemu za chini ya ukuta usiuoshe kwa maji, kwa sababu maji yanauyeyusha, yanaurudisha ndani, kisha unatoka tena. Ufagie mkavu kwa brashi ngumu, ukusanye, utupe. Rudia baada ya siku chache. Chumvi hii ni nyingi Pwani kwa sababu baadhi ya nyumba zilijengwa kwa mchanga wenye chumvi au lipu iliyokorogwa kwa maji ya kisima yenye ladha ya bahari. Bila unyevu haiwezi kutoka, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye hatua ya kwanza.

Fangasi, yale madoa meusi ya bafuni na ya ukuta wa nje unaotazama kusini, hayafi kwa kufunikwa. Yanapenda rangi mpya. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka kwa brashi au sponji, acha robo saa, sugua, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na fungua madirisha. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo yenye tindikali, wala na kitu chenye amonia: mvuke unaotoka ni sumu, na katika bafu dogo unaweza kukuangusha.

Jiko lililopikiwa kwa mkaa au kuni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga hadi mafuta yatoke. Masizi yakibaki yatajitokeza juu ya rangi ya maji kama madoa ya chai. Ndivyo ilivyo pia kwa dari iliyowahi kuvujiwa. Doa lile la kahawia ukilipaka rangi nyeupe ya maji mara kumi, litarudi mara kumi. Lizibe kwanza kwa andakoti ya mafuta, ile rangi inayotangulia chini ya rangi yenyewe, ikauke, ndipo upake.

Kama nyumba ni ya miaka mingi na milango au madirisha yana tabaka nene la rangi ya mafuta, usisugue mkavu. Rangi za zamani za mafuta zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Lowanisha, sugua kwa msasa wa maji, kusanya tope lake kwa kitambaa. Unaponunua rangi mpya, tafuta kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Hatua ya tatu: nyufa na skimming

Ufa mwembamba kama unywele, rangi nzuri ya nje itauziba. Ufa unaoingiza ukucha ufungue kwanza kwa ncha ya skrepa uwe na umbo la V, fagia vumbi, lowanisha kidogo, kisha jaza. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango na kurudi kila ukiuziba ni habari ya msingi. Huo muite mwashi, si mpaka rangi.

Kwenye skimming, yaani kupaka ukuta tabaka jembamba la kuulainisha kabla ya rangi, kuna kosa la gharama kubwa. Ndani ya nyumba, mafundi hutumia unga wa jipsam, wengine wakichanganya na saruji nyeupe, na ukuta unatoka laini kama kioo. Wakimaliza ndani wanachukua mchanganyiko uleule kwenda nao nje. Jipsam inanyonya maji na kulainika, na masika ya kwanza yakipita utaona vipande vinainuka na rangi yake juu kama ganda. Nje tumia puti ya nje yenye asili ya saruji, iliyoandikwa hivyo kwenye mfuko. Bafuni na nyuma ya sinki pia.

Piga skimming mikono miwili myembamba, si mmoja mnene. Ikikauka, sugua kwa msasa namba 120 hadi 180 huku umewasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa ukuta. Mwanga wa pembeni unafichua kila bonde na kila mkwaruzo. Baada ya hapo futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi la msasa likibaki, rola italizoa na kulibandika upya ukutani.

Hatua ya nne: pima, ndipo ununue

Chukulia chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 14. Zidisha kwa kimo, unapata mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Mikono miwili ni 70. Rangi ya maji kwenye ukuta laini uliopigwa praima hufunika kama mita za mraba 10 kwa lita, kwa hiyo unahitaji lita 7: makopo mawili ya lita 4.

Nje ukuta wa lipu ya kawaida unakula zaidi, hesabu mita 6 hadi 8 kwa lita. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye ukuta wa mita 3 ina mita za mraba 132. Ukitoa madirisha na milango zinabaki kama 110. Mikono miwili ni 220, ugawe kwa 7, unapata lita 31 na ushei. Ndoo mbili za lita 20 zinatosha, na zitabaki lita chache za marekebisho.

Rangi inayochanganywa kwa mashine dukani nunua yote siku moja, na uandike namba ya rangi kwenye daftari au upige picha karatasi iliyobandikwa juu ya kopo. Ukifika nyumbani changanya makopo yote ya chumba kimoja katika ndoo kubwa. Makopo mawili ya namba moja yanaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo hutaiona hadi ifike katikati ya ukuta wa sebule.

Kuhusu rangi yenyewe nitasema machache tu, maana kila mtu na jicho lake. Usichague kwa kakipande ka kadi dukani. Nunua kopo dogo, paka ubao au boksi la ukubwa wa gazeti, liegemeze ukutani ulione asubuhi, mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa. Krimu iliyopendeza saa nne asubuhi inaweza kuwa ya kijani chini ya taa nyeupe. Nje, nyekundu, buluu na njano zilizokolea hupauka mapema kwa jua letu, na rangi nyeusinyeusi hufanya ukuta kuwa jiko. Ndani, rangi isiyong'aa inaficha mawimbi ya ukuta. Silki, yaani rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, inafutika kwa kitambaa na inafaa kwa korido, jikoni na chumba cha watoto, lakini itatangaza kila kasoro ya fundi skimming.

Hatua ya tano: praima, kisha ndani

Ukuta mpya, skimming mpya au sehemu iliyokwanguliwa hadi saruji lazima ipate praima ya kuhimili alkali. Wengi wanaokoa hapa kwa kupaka rangi nyeupe ya bei ya chini iliyojaa maji. Hiyo si praima. Inakauka kuwa unga, na rangi yako nzuri inakalia unga huo.

Ndani mpangilio ni kutoka juu kwenda chini: dari, kuta, kisha milango na fremu, mwisho mkanda wa chini. Toa samani au zikusanye katikati uzifunike. Zima umeme kwenye meni swichi, legeza vifuniko vya swichi na soketi, rangi ipite nyuma yake. Kuzungushia brashi kifuniko kilichobaki ukutani ni alama ya kazi ya kulipua.

Koroga rangi kutoka chini ya kopo kwa fimbo bapa hadi isibaki tope. Maji ya kuongeza yasomwe kwenye lebo. Rangi nyingi za maji huruhusu kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 kwa mkono wa kwanza, na chini ya hapo kwa wa pili. Asilimia 10 ya ndoo ya lita 20 ni lita 2, si ndoo ndogo nzima.

Sasa tazama ukuta mmoja tu. Kwa brashi ya inchi mbili au mbili na nusu, paka kingo zote: kwenye dari, kwenye kona, kuzunguka dirisha, upana kama wa vidole vinne. Kabla kingo hizo hazijakauka, chukua rola. Ichovye kidogo, iviringishe kwenye trei hadi isidondoshe, chora herufi M kubwa ukutani, kisha jaza nafasi bila kuinua rola, ukimalizia kwa mikokoto mirefu ya kwenda chini. Songa mbele, kila kipande kikiingia kwenye kingo ya kilichotangulia ikiwa bado mbichi. Ukishaanza ukuta, umalize. Simu ikiita, iache. Ukisimama katikati ukarudi baada ya nusu saa, mstari wa kituo chako utabaki pale hadi utakapopaka tena.

Usirudierudie rola kwenye rangi iliyoanza kushika; inavuta nyuzi na kuacha ngozi ya chungwa. Mkono wa pili subiri saa mbili hadi nne kwa rangi ya maji, na siku za unyevu mwingi ongeza. Rangi ya mafuta inataka kama siku nzima. Katikati ya mikono pitisha msasa laini kidogo na ufute vumbi.

Hatua ya sita: nje

Nyumba iliyo karibu na bahari ioshwe yote kwa maji yasiyo na chumvi siku mbili tatu kabla, kuondoa chumvi iliyoletwa na upepo. Rola chagua yenye manyoya marefu, maana ile ya ndani haitaingia kwenye vishimo vya lipu.

Fuata kivuli. Asubuhi paka upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Miezi ya Juni hadi Agosti jua letu hupita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini unakaa kivulini karibu siku nzima na unaweza kuufanyia kazi saa za mchana. Ukuta uliochomwa na jua hadi kiganja hakikai unakausha rangi juu kabla haijashika chini, na mikokoto yote inabaki inaonekana. Wingu likifunga, acha. Rangi ya maji iliyonyeshewa kabla ya kushika inachuruzika hadi kwenye zege.

Anza na fisha bodi (mbao za ukingo wa paa) na sehemu za juu, shuka hadi mkanda wa chini. Ngazi iegemezwe kwa kipimo cha moja kwa nne: ikigusa ukuta mita 4 juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Ngazi ya chuma na mti mrefu wa rola visikaribie waya wa umeme unaoingia nyumbani. Ghorofani tumia jukwaa la mirunda lililofungwa imara, si mapipa na ubao.

Grili na geti visipakwe rangi juu ya kutu. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, futa, piga redi oksaidi, praima ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, kwa sababu hewa ya bahari haingoji kesho. Kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Bati jipya la zinki nalo halishiki rangi ya mafuta moja kwa moja. Linahitaji praima yake maalumu. Punguza rangi ya mafuta kwa thina au tapentaini iliyotajwa kwenye kopo. Mafuta ya taa yanachelewesha kukauka, na petroli ni kuomba moto. Usipake rangi ya mafuta ndani huku jiko linawaka chumba cha pili. Milango ya mninga au mkongo mimi naona dhambi kuipaka rangi: isugue kwa kufuata mkondo wa mbao, namba 120 kisha 220, uipige vanishi ya nje kwa ile inayopigwa na jua.

Ukiwa na fundi

Nunua rangi mwenyewe na ndoo zifunguliwe ukiwepo. Mwambie mapema mtapaka mikono mingapi, kisha wa kwanza ukikamilika uite ukaguzi kabla wa pili haujaanza. Ujanja wa kawaida ni mkono mmoja mzito unaoitwa miwili. Omba makopo matupu yabaki kwako hadi kazi iishe, uyahesabu na uyalinganishe na hesabu yako ya mita za mraba. Kazi ya malipo ya jumla inakwenda haraka na maandalizi yanaumia. Kwa hiyo gawa malipo: sehemu baada ya kukwangua na skimming, sehemu baada ya mkono wa kwanza, na kiasi cha maana kibaki hadi ukague kila kitu mchana. Fundi mzuri hatakasirika. Na akikwambia lipu yako haijakauka, arudi mwezi ujao, huyo mshike.

Ukaguzi ufanyike rangi ikiwa imekauka, si jioni ya siku ya mwisho. Pita na tochi ile ya ubavuni, angalia nyuma ya milango, juu ya fremu, chini ya vizingiti vya madirisha. Bandika kipande cha soletepu mahali pasipoonekana, kibane vizuri, kivute kwa nguvu. Rangi ikitoka nacho, kuna vumbi au unga uliachwa chini yake.

Rangi ya maji iliyobaki imimine kwenye kopo dogo lijae, ili hewa iwe kidogo, weka nailoni kabla ya kifuniko, andika chumba, namba ya rangi na tarehe, uihifadhi mbali na jua. Brashi za rangi ya maji zioshe mara moja kwa maji na sabuni. Za mafuta kwa tapentaini, kisha sabuni. Maji hayo yasiende mtaroni wala kisimani. Rangi isiyotakiwa tena iache wazi ikauke, au ichanganye na mchanga au vumbi la mbao hadi igande, ndipo itoke na taka.